Kabla ya Kumeza Virutubisho Viwili kwa Pamoja: Hatua kwa Hatua

Swali ni lilelile, sura tu ndiyo hubadilika. "Naweza kumeza chuma pamoja na kalsiamu?" "Vitamini D na magnesiamu zinapatana?" "Nimeongeza zinki juu ya multivitamini, kuna ubaya?" Anayeuliza huwa ameshanunua kopo la pili, pengine ameshalifungua, na anataka jibu la ndiyo au hapana. Jibu hilo mtu mwaminifu hawezi kulitoa kabla ya kujua ni miligramu ngapi, mara ngapi kwa siku, na ni nini kingine kinachomezwa pembeni. Kwa hiyo nimeandika hatua za kufuata ukiwa umekaa mezani na makopo yako. Ukizimaliza utakuwa umejibu maswali mengi mwenyewe, na yatakayobaki utampelekea mfamasia yakiwa yamenyooka.

Shika jambo moja tangu sasa, maana hatua zote zinalizunguka. Wengi huogopa kwamba vidonge viwili vikikutana tumboni vitazua sumu ya ajabu. Hilo ni nadra. Kinachowaumiza watu mara nyingi zaidi ni kiambato kilekile kujificha ndani ya makopo mawili au matatu yenye majina tofauti, kikahesabiwa mara moja huku mwili ukikipokea mara tatu.

Nani asiendelee peke yake

Ukiwa mjamzito au unanyonyesha, una ugonjwa wa figo au ini, unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, unasubiri upasuaji, au unayetaka kumpa virutubisho ni mtoto, fanya hatua ya 1 mpaka ya 3 tu. Kisha chukua karatasi yako umwone daktari au mfamasia. Viwango nilivyoandika humu ni vya mtu mzima mwenye afya, na kwa watu niliowataja vinaweza kuwa vikubwa mno.

Vya kuandaa

Makopo na pakiti zote, si yale mawili tu unayoyaulizia. Karatasi na kalamu, au simu yenye kikokotoo. Miwani kama unaihitaji, maana maandishi ya lebo ni madogo na kosa la kusoma "mg" badala ya "mcg" ni kosa la mara elfu moja. Orodha ya dawa ulizoandikiwa hospitali. Na majibu ya vipimo vya damu vya karibuni kama unayo. Tenga nusu saa.

Hatua ya 1: Toa kila kitu kabatini

Weka mezani kila kinachoingia mwilini kwa jina la afya: vidonge, matone, unga wa kuchanganya na maji, vidonge vinavyotoa povu, mafuta ya samaki, dondoo za mimea, vinywaji vya kuongeza nguvu, vidonge vya kumung'unya wakati wa mafua. Vidonge vya kiungulia navyo vitoe, kwa sababu vingi vimetengenezwa kwa kalsiamu kaboneti. Anayemeza kalsiamu kwa ajili ya mifupa na kutafuna vidonge vya kiungulia kila usiku anakunywa kalsiamu mara mbili bila kujua.

Kosa la kawaida hapa ni kuacha nje kile "kidogo tu ninachotumia siku mojamoja." Kitoe nacho, na pembeni yake uandike ni mara ngapi kwa wiki.

Hatua ya 2: Andika viambato, achana na jina la kopo

"Kinga imara", "mifupa", "nywele na kucha", "nguvu za wanaume": majina hayo ni ya kuuzia. Geuza kopo usome jedwali la viambato, kisha chora safu tatu kwenye karatasi: kiambato, kiasi kwa kidonge kimoja, na idadi ya vidonge unavyomeza kwa siku.

Mitego ni mitatu.

Wa kwanza ni kipimo cha mara moja. Kuna lebo zinazoandika kiasi kilicho katika kidonge kimoja, na nyingine kiasi cha vidonge viwili au vitatu ambavyo umeagizwa kumeza. Usipotazama mstari huo wa juu ya jedwali, hesabu yako yote itakuwa nusu au maradufu ya ukweli.

Wa pili ni uzito wa chumvi nzima dhidi ya uzito wa madini yenyewe. Kidonge cha feri salfeti cha 325 mg kina chuma 65 mg tu, na kalsiamu kaboneti ya 1250 mg ina kalsiamu 500 mg. Unachohitaji kwenye safu ya pili ni uzito wa madini yenyewe. Lebo nzuri huutaja waziwazi. Isipoutaja, weka alama ya kuuliza umwulize mfamasia.

Wa tatu ni vipimo. Miligramu moja ni mikrogramu 1000, na mikrogramu huandikwa mcg au µg. Vitamini D mara nyingi huandikwa kwa yuniti za kimataifa, yaani IU, ambapo 40 IU ni sawa na 1 mcg. Kwa vitamini A ya retinoli (vitamini A iliyo tayari, kama ile ya maini), 10,000 IU ni kama 3000 mcg. Chagua kipimo kimoja, geuza vyote viingie humo, kisha endelea.

Ukikuta lebo inayosema "mchanganyiko maalumu" wenye majina kumi na jumla moja ya miligramu, bila kueleza kila jina lina ngapi, kirudishe kabatini na usikichanganye na kingine chochote. Huwezi kujumlisha usichokijua. Mimi binafsi nisingekimeza hata peke yake.

Hatua ya 3: Jumlisha

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikijaa huanza kumwagika.

Tuseme una makopo matatu. Multivitamini, kidonge kimoja kwa siku: vitamini D 25 mcg, zinki 11 mg, chuma 18 mg. Kopo la "kinga", kidonge kimoja: vitamini C 1000 mg, zinki 25 mg, vitamini D 50 mcg. Kopo la "mifupa": kila kidonge kina kalsiamu 500 mg na vitamini D 20 mcg, na umeagizwa kumeza viwili.

Hakuna kopo hata moja linalotisha likiwa peke yake. Sasa jumlisha vitamini D: 25, na 50, na 20 mara mbili. Umepata 115 mcg, yaani 4600 IU kwa siku, ilhali ukomo wa mtu mzima ni 100 mcg. Zinki imefika 36 mg. Kwa viwango vya Marekani bado uko chini ya ukomo wa 40 mg, lakini kwa viwango vya Ulaya umevuka, maana wao wanaishia 25 mg. Na chakula bado hakijahesabiwa.

Huu ndio ukomo, yaani kiasi cha juu kisichopaswa kuvukwa, wa kulinganisha nao, kwa mtu mzima kwa siku moja:

- Vitamini D: 100 mcg (4000 IU).
- Vitamini A ya retinoli: 3000 mcg. Ni jambo zito kwa mjamzito, kwa sababu ikizidi inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Mafuta ya ini la samaki pamoja na multivitamini yenye retinoli ni jozi ya kuangalia kwa makini.
- Vitamini B6: Marekani 100 mg, lakini Ulaya iliushusha ukomo wake mwaka 2023 mpaka 12 mg.
- Asidi ya foliki ya vidonge: 1000 mcg.
- Vitamini C: 2000 mg.
- Kalsiamu: 2500 mg, na 2000 mg ukishavuka miaka 50, chakula kikiwemo.
- Chuma: 45 mg, isipokuwa daktari amekuandikia zaidi kutibu upungufu wa damu.
- Zinki: 40 mg Marekani, 25 mg Ulaya.
- Magnesiamu ya vidonge, bila kuhesabu ya chakula: 350 mg Marekani, 250 mg Ulaya.
- Seleniamu: 400 mcg Marekani, 255 mcg Ulaya.
- Iodini: 1100 mcg Marekani, 600 mcg Ulaya.

Pale pande mbili zinapotofautiana, mimi hushauri ufuate namba ndogo kama hakuna daktari aliyekuandikia kubwa. Kuvuka ukomo siku moja si msiba. Ni kuvuka kila siku, miezi na miezi, ndiko kunakoleta madhara.

B6 naomba uitazame mara mbili. Imo kwenye multivitamini, imo kwenye vidonge vya vitamini B, imo kwenye makopo mengi ya magnesiamu, imo hata kwenye vinywaji vya kuongeza nguvu. Ikizidi kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, na dalili yake ni ganzi au kuchomachoma miguuni na mikononi. Mtu mwenye ganzi hushauriwa na jirani anywe vitamini B. Akienda kununua nyingine, anaongeza kilekile kinachomdhuru.

Hatua ya 4: Tafuta wanaogombea mlango mmoja

Madini kadhaa huingia mwilini kupitia milango ileile ya utumbo, na yakifika pamoja kwa wingi, moja humsukuma mwenzake nje. Hapa dawa ni saa: unayatenganisha.

Chuma na kalsiamu. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Kalsiamu hupunguza chuma kinachofyonzwa, kwa hiyo zitenganishe kwa saa mbili angalau. Chuma hufyonzwa vizuri zaidi tumbo likiwa tupu na kwa maji matupu. Chai na kahawa hukizuia, kwa hiyo usivitumie kuteremshia kidonge. Tumbo likikusumbua, kimeze na chakula kidogo, ukikubali kwamba utafyonza pungufu. Vitamini C ni rafiki wa chuma cha vidonge na cha mimea, kwani hukigeuza kuwa katika hali ambayo utumbo hukipokea kwa urahisi. Usikimbilie dozi kubwa za vitamini C kwa ajili hiyo, lakini. Mtu anayemeza chuma cha kutosha kwa utaratibu mzuri hupata nyongeza ndogo tu.

Chuma na zinki. Chuma cha 25 mg au zaidi kikimezwa pamoja na zinki tumbo likiwa tupu kinaweza kupunguza zinki inayofyonzwa. Saa mbili tena.

Kalsiamu na kalsiamu. Ndiyo, hujizuia yenyewe: mwili hufyonza vizuri zaidi dozi ya 500 mg au chini kwa mara moja. Aliyeambiwa 1000 mg agawe mara mbili. Kalsiamu kaboneti imezwe na chakula. Kalsiamu sitireti haina masharti hayo.

Unga wa nyuzinyuzi kama psiliamu, na vidonge vya mkaa. Hivi hunasa vitu vingine na kuondoka navyo. Vipe nafasi ya saa mbili mbali na kila kitu, na unga wa nyuzinyuzi uunywe na glasi nzima ya maji, la sivyo unga huo unaweza kuvimba na kukwama kooni.

Sasa jozi moja ambayo wengi huikosea hata baada ya kusoma sana: zinki na shaba. Mtu akisikia zinazuiana, huzipanga moja asubuhi na nyingine jioni akadhani amemaliza. Hajamaliza. Zinki nyingi huzifanya seli za utumbo zitengeneze protini inayoikamata shaba na kuishikilia, na seli hizo zikichakaa shaba hutoka nazo chooni. Protini hiyo haiangalii saa. Zinki ya 50 mg kwa siku, ikiendelea kwa wiki kadhaa, inatosha kuishusha shaba mwilini. Matokeo yake ni upungufu wa damu usiotibika kwa chuma, chembe nyeupe kupungua, na baadaye ganzi na kuyumba wakati wa kutembea. Imewahi kuwapata hata watu waliotumia kwa wingi gundi ya meno bandia yenye zinki. Kwa jozi hii tiba ni kupunguza zinki.

Hatua ya 5: Tafuta wanaosukuma upande mmoja

Hapa viambato havifanani kwa jina ila vinafanya kazi moja, na kazi hiyo hujumlika. Pitia karatasi yako ukiuliza: je, kuna viwili vinavyofanya jambo hili?

Kupunguza uwezo wa damu kuganda: vitamini E ya dozi kubwa (ambayo hudhoofisha kazi ya vitamini K), dondoo ya mmea wa ginkgo, dondoo ya kitunguu saumu, mafuta ya samaki ya dozi kubwa. Kimoja kwa kiasi cha kawaida kwa kawaida hakina shida kwa mtu mwenye afya. Vitatu pamoja, na upasuaji au kung'oa jino kuko mbele, ni jambo la kumwambia daktari mapema. Wengi huambiwa waviache wiki mbili kabla.

Kuleta usingizi: melatonini (homoni ya usingizi), na mimea ya valeriani na kava. Usivirundike, na usiendeshe gari.

Kuuchochea moyo: kafeini, guarana (ambayo ni kafeini kwa jina jingine), dondoo ya chai ya kijani, sinefrini (kichochezi cha machungwa machungu). Vidonge vya kupunguza uzito na unga wa kunywa kabla ya mazoezi hukutana hapa. Mtu mzima mwenye afya asivuke kafeini 400 mg kwa siku, kahawa na chai vikiwemo, na mjamzito 200 mg. Historia ya kundi hili ni ya uchungu. Mmea wa ephedra uliuzwa ukichanganywa na kafeini kwa ajili ya kupunguza uzito, watu wakapata shtuko la moyo na kiharusi, wengine wakafa, mpaka Marekani ikaupiga marufuku kwenye virutubisho mwaka 2004.

Kupandisha serotonini, kemikali ya ubongo inayogusa hisia: 5-HTP, SAMe, na mmea wa haiperikamu, ambao lebo huuandika Hypericum perforatum. Usichanganye viwili kati ya hivi, na usiguse hata kimoja ukiwa unatumia dawa ya sonona bila daktari kujua.

Kulichosha ini: dondoo ya chai ya kijani, kava, niasini ya dozi kubwa, na dondoo ya manjano iliyotiwa piperini ya pilipili manga ili ifyonzwe zaidi. Manjano ya jikoni haimo kwenye onyo hili. Nazungumzia vidonge. Kuhusu chai ya kijani, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2018 ilitahadharisha kuhusu vidonge vinavyofikisha 800 mg za EGCG, kiambato kikuu cha chai hiyo, kwa siku.

Asiyeamini kwamba virutubisho viwili vizuri vinaweza kuleta jambo baya vikitumika pamoja, asikie kuhusu utafiti wa CARET wa Marekani. Zaidi ya watu 18,000, wavutaji wa sigara wa sasa na wa zamani pamoja na wafanyakazi waliokuwa wamevuta vumbi la asbesto, waligawanywa makundi mawili: kundi moja likapewa beta-karotini (rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza vitamini A) 30 mg na vitamini A 25,000 IU kila siku, jingine vidonge visivyo na dawa. Nia ilikuwa kuzuia saratani ya mapafu. Januari 1996 utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu waliopewa virutubisho walikuwa wanapata saratani hiyo kwa asilimia 28 zaidi. Ukivuta sigara, au uliwahi kuvuta, weka pembeni kila kopo lenye beta-karotini ya dozi kubwa.

Hatua ya 6: Weka dawa za hospitali kwenye karatasi hiyohiyo

Sitakaa sana hapa, maana kazi hii ni ya mfamasia, lakini yapo machache usiyopaswa kusubiri kuambiwa. Dawa ya tezi ya thairoidi, levothairoksini, iwe mbali na chuma na kalsiamu kwa saa nne. Antibayotiki kama ciprofloksasini na doksisaiklini hukamatwa na chuma, zinki, kalsiamu na magnesiamu, zikashindwa kufanya kazi. Dolutegravir, dawa ya VVU, nayo hukamatwa vivyo hivyo: imezwe saa mbili kabla ya madini hayo au saa sita baada yake. Kama unataka kuimeza pamoja na chuma au kalsiamu, iwe na chakula, na uhakikishe kwanza na kliniki yako. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze wala kuacha vitamini K, vitamini E au ginkgo kimyakimya. Haiperikamu hulifanya ini lisafishe dawa haraka, zikiwemo vidonge vya uzazi wa mpango, dawa za VVU na warfarini, hivyo dawa hupungua mwilini bila mtu kujua. Na vidonge vya potasiamu ni hatari kwa mwenye ugonjwa wa figo au anayetumia baadhi ya dawa za presha.

Hatua ya 7: Ondoa kwanza, panga saa baadaye

Watu hupenda kuruka moja kwa moja kwenye ratiba. Subiri. Mara nyingi jibu bora ni kopo kurudi dukani au kubaki limefungwa.

Rudi kwenye mfano wetu wa makopo matatu. Ukiondoa kopo la "kinga", vitamini D inashuka kutoka 115 hadi 65 mcg, zinki inabaki 11 mg, na umebaki na makopo mawili. Sasa ratiba ni rahisi: multivitamini yenye chuma na mlo wa asubuhi, kidonge cha kwanza cha kalsiamu na mlo wa mchana, cha pili na mlo wa jioni. Vitamini A, D, E na K zinahitaji mlo wenye mafuta kidogo ili zifyonzwe, na hapo zimeupata. Ukiwa na magnesiamu, iweke usiku kabla ya kulala.

Ukijikuta na ratiba ya saa sita tofauti kwa siku, hutaifuata. Punguza tena.

Hatua ya 8: Anza kimoja, ungoje, kisha kingine

Anza kirutubisho kimoja, ukae nacho wiki mbili, ndipo uongeze cha pili. Andika tarehe kwenye kopo lenyewe kwa kalamu ya wino mzito. Ukianza viwili siku moja na ukatokwa na upele siku ya tano, hutajua umlaumu nani, na utalazimika kuacha vyote.

Kuna watu ambao mpangilio wa nani anatangulia ni muhimu zaidi: mzee, asiyekula nyama wala mazao ya wanyama, na anayetumia metformini, dawa ya kisukari, kwa muda mrefu. Hawa wapime vitamini B12 kabla ya kuanza asidi ya foliki ya dozi kubwa. Foliki inaweza kuirekebisha damu ikaonekana nzuri, huku upungufu wa B12 ukiendelea kuila mishipa ya fahamu chini kwa chini. Kumeza B12 na foliki kwa pamoja hakuna ubaya. Hatari iko kwenye foliki nyingi peke yake.

Mambo yakienda kombo

Kichefuchefu nusu saa baada ya kumeza. Mtuhumiwa wa kwanza ni zinki tumbo likiwa tupu, wa pili ni chuma. Meza na chakula.

Kuharisha. Angalia magnesiamu, hasa ya oksaidi, na vitamini C ya dozi kubwa. Punguza nusu uone.

Choo kigumu. Chuma au kalsiamu kaboneti. Ongeza maji, na muulize daktari kama chuma kinaweza kumezwa siku moja na kuruka nyingine. Dozi moja hupandisha homoni ya hepsidini, ambayo huufunga mlango wa chuma kwa takriban siku nzima, kwa hiyo si lazima upoteze kitu kwa kuruka.

Kinyesi cheusi. Kwa anayemeza chuma ni kawaida. Kikiwa kinanata kama lami, kinanuka vibaya isivyo kawaida, au unahisi kizunguzungu, hiyo inaweza kuwa damu. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mkojo wa njano inayong'aa. Ni vitamini B2 inatoka. Haina madhara.

Kiu isiyoisha, kukojoa sana, choo kufunga, kuchanganyikiwa. Kwa anayetumia vitamini D na kalsiamu, hizi ni dalili za kalsiamu kuzidi kwenye damu. Acha vyote viwili na ukapime.

Ganzi. Rudi hatua ya 3 ujumlishe B6, na hatua ya 4 uangalie zinki. Pima na B12. Usiongeze kopo jipya.

Nywele kukatika, kucha kuvunjika na pumzi kunuka kitunguu saumu. Jumlisha seleniamu. Inasikitisha kwamba mara nyingi imo kwenye makopo yaleyale ya "nywele na kucha".

Damu haipandi baada ya miezi miwili au mitatu ya chuma. Kwanza chunguza saa: je, unakimeza na chai, kalsiamu au dawa ya kiungulia? Kama saa ziko sawa, rudi kwa daktari, kwa sababu huenda unapoteza damu mahali au si chuma kilichopungua.

Majibu ya maabara hayaendani na unavyojisikia. Bayotini, ambayo imejaa kwenye vidonge vya nywele, huvuruga baadhi ya vipimo, vikiwemo vya thairoidi na cha troponini kinachotumika kutambua shtuko la moyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu hili mwaka 2017. Mwambie anayekutoa damu kwamba unaitumia, kabla ya sindano.

Macho kuwa ya njano, mkojo kama chai nzito, maumivu upande wa kulia chini ya mbavu. Acha kila kirutubisho, nenda hospitali, na makopo uyabebe.

Moyo kwenda mbio, kutetemeka, jasho, misuli kukakamaa, mtu kuweweseka, baada ya kuchanganya vya serotonini au vichochezi. Hiyo ni dharura. Usisubiri asubuhi.

Mtoto amemeza vidonge vya chuma. Nenda hospitali sasa hivi hata kama anacheza na anaonekana mzima. Sumu ya chuma inaweza kutulia kwa saa kadhaa kabla ya kumwangusha, na imeua watoto wadogo. Beba kopo, hesabu vidonge vilivyobaki ukiwa njiani.